Riba Ilikuwa Inanisubiri

Mliokuwa nami wiki jana mliniacha nimesimama kando ya barabara, naangalia pikapu ya marehemu mume wangu ikikata kona, na aliyeshika usukani ni shemeji yangu. Alisema anaipeleka kwa mnunuzi, fungu langu ataniletea mkononi. Akaenda na maji.

Kwa anayenikuta leo, mimi ni mjane. Kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi. Nina mtoto mmoja tu, wa kiume, dereva wa teksi, anaishi mji mwingine na mke wake na watoto wao wawili. Mji wenyewe si mbali. Ukipanda basi la asubuhi, chakula cha mchana unakila huko. Lakini mwanangu alikuwa haji.

Siku moja nilimbana kwenye simu.

"Mama, tukija wote tutakaa wapi? Kwako kuna viti viwili na ndoo."

Alikuwa anatania. Nyuma yake nikasikia mkewe akicheka na watoto wakicheka. Mimi sikucheka. Nililibeba neno lile, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Mwisho wa mwezi nikaenda duka la samani.

Kijana wa mauzo alikuwa na tabasamu lisilofunga. Moyoni nikamwita Bwana Meno. Alinipitisha kwenye makochi, akanipitisha kwenye makabati, kisha akanisimamisha mbele ya meza ya kulia chakula, ya mbao nzito, imezungukwa na viti vyake.

"Hii ni ya watu wanane, mama. Wajukuu wakija, hakuna wa kula amesimama."

"Umejuaje kama nina wajukuu?"

"Naona tu, mama."

Nikageuza kile kikaratasi cha bei. Nikakirudisha haraka kama kimeniunguza.

"Hii si yangu, mwanangu. Niachie nipite."

"Nani kasema ulipe leo? Leo unatoa kianzio kidogo. Kilichobaki unalipa polepole, mwaka mzima bila riba."

"Bila riba kabisa?"

"Hata chembe."

"Na mwaka ukiisha?"

"Mwaka ukiisha utakuwa umeshamaliza, mama yangu. Wewe si mtu wa kubabaisha. Nakuona."

Ukikaa peke yako muda mrefu, halafu mtu akakwambia nakuona, unatia sahihi popote atakapoweka kidole. Nami nikatia.

Meza ilipoletwa, wapagazi walilazimika kung'oa mlango. Ilijaza chumba cha mbele chote. Kwenda jikoni ikabidi nipite ubavu ubavu, nimevuta tumbo ndani. Sikujali. Wapagazi hata hawajamaliza kurudisha bawaba, nikampigia mwanangu.

"Meza imefika!"

"Meza gani, mama?"

Alikuwa ameshasahau.

Nikamkumbusha. Akacheka, akanisifu, akasema mwisho wa mwezi watajitahidi. Mwisho wa mwezi gari likaharibika. Uliofuata mtoto akaugua. Uliofuata sikuuliza.

Nikawa nakula peke yangu kwenye ile meza. Kiti changu nilikivua nailoni. Vile saba vingine niliviacha na nailoni zake, visije vikachafuka kabla ya wenyewe.

Kulipa nililipa. Hilo mtu asinisingizie. Kila mwezi ujumbe ulikuja kwenye simu: tafadhali lipa kiasi fulani kabla ya tarehe fulani. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, hakiumi. Nikakilipa siku hiyohiyo, sikuwahi kuchelewa. Kila nikilipa wananijibu: asante, mteja wetu mwema.

Mwaka ukaisha. Nikajua nimekaribia kumaliza. Ujumbe ukaingia nikiwa kazini, nikausoma nimeshika shati la mtu.

Nikausoma tena.

Harufu ya kuungua ndiyo iliyonizindua. Shati lilikuwa limeshapigwa muhuri wa pasi mgongoni.

Deni halikuwa limepungua. Lilikuwa limeruka juu.

Nikaenda dukani na nguo zangu za kazi. Bwana Meno alikuwa amehamishiwa magodoro. Aliponiona, kwa mara ya kwanza midomo yake ikafunga. Akazama nyuma ya godoro la futi sita kama mtoto anayecheza kujificha.

Nikapelekwa kwa mhasibu, mama mmoja mtu mzima, mpole, aliyekuwa na koti juu ya mabega kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi. Akageuza skrini yake nami nione.

"Umelipa vizuri, dada. Hujachelewa hata mara moja."

"Sasa hii ni nini?"

"Ulikuwa unalipa kiasi cha chini. Kile kinakuzuia usipigwe faini. Hakimalizi deni ndani ya mwaka."

"Lakini ninyi ndio mliokuwa mnaniandikia lipa hiki!"

"Ndiyo."

"Hakuna aliyeniambia nigawanye bei kwa miezi."

"Hakuna anayeambiwa, dada," akasema. Aliyasema maneno hayo akiangalia mlango.

"Haya, basi kimebaki kidogo. Nitakimalizia. Si mlisema bila riba?"

Akavua miwani.

"Bila riba kama utamaliza lote ndani ya mwaka. Ikibaki hata sarafu moja, riba inarudi nyuma hadi siku uliyochukua meza, tena juu ya deni lote la siku ile. Riba ilikuwepo tangu mwanzo. Kila mwezi ilikuwa inahesabiwa na kuwekwa pembeni. Ilikuwa inakusubiri."

Mwaka mzima nimekaa kwenye ile meza nikiamini hakuna anayenisubiri popote.

Riba peke yake ilikaribia theluthi ya bei ya meza. Tena sasa haikuwa imekaa pembeni. Ilikuwa inatembea kila mwezi, inazaa na kujukuu.

Nikatoka pale nikiwa nimejikaza kisabuni. Nilipofika nje nikakaa kwenye ngazi za duka la watu. Nikatoa simu nimpigie mwanangu. Nikaitazama namba yake mpaka mwanga wa simu ukazima. Ningemwambia nini? Kwamba nimeuziwa uongo kwa sababu ya utani wake?

Nikairudisha simu mfukoni.

Malipo ya mwezi huo yakanishinda, maana shati lile la mteja nilikatwa kwenye mshahara. Wiki iliyofuata simu ikaita. Namba ngeni.

"Habari za mchana, mama. Naongea na mwenye akaunti ya meza ya kulia chakula?"

Sauti ya mwanamume, nzito kidogo, haina haraka. Nikajua wadai wamekuja. Nikajibu kama mgonjwa aliyelazwa.

"Ndiye mimi."

"Pole na kazi. Unapiga pasi?"

Moyo ulinilipuka paa. Nikageuka dirishani nione kama kuna mtu ananichungulia.

"Usiogope," akasema, "nasikia mvuke. Mama yangu alifanya kazi kwa dobi. Ule mlio naujua."

Deni tuliligusa juu juu. Alinieleza tarehe, akaniuliza nitaweza nini, nikamwambia. Kisha tukajikuta tunaongea habari za pasi, za vidole kuungua, za wateja wanaoacha hela mifukoni na wanaoacha vitu vya aibu. Akacheka. Nami nikacheka, nikashtuka kusikia kicheko changu.

Kabla hajakata akauliza, "Umeshakula, mama?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo tangu tumzike mume wangu.

Sikuwahi kulijua jina lake. Nilimwita Sauti. Alikuwa na kazi ya kunidai na aliifanya: kila siku baada ya chakula cha mchana, simu. Mwanzo niliiogopa. Halafu nikaizoea. Halafu, Mungu anisamehe, nikaanza kuingojea. Nikawa naiweka simu juu ya meza ya pasi, pembeni ya chupa ya maji, uso juu. Jumapili hapigi. Jumapili zikawa ndefu.

Mwenzangu wa pasi ya pili tunamwita Redio. Redio huongea tangu anavua kandambili asubuhi mpaka anapozivaa jioni, lakini kusikiliza hajajaliwa. Siku moja alisikiliza.

"Shoga, huyu bwana wa mchana ni nani? Unamwambia mpaka ulichoota!"

"Ni mtu wa ofisini."

"Ofisi gani inayomfanya mjane apake mafuta ya midomo kabla ya simu?"

Wote mle ndani wakaangua kicheko. Nikainamia suruali niliyokuwa nanyoosha, nikaukandamiza ule mkunjo kama nataka kuukata. Sikuweza kusema ni mdai wangu. Bora wadhani nina bwana.

Sasa sikieni mambo yalivyogeuka.

Shemeji alirudisha fungu langu.

Ndiyo, yuleyule. Nilikuwa nimeshamzika kichwani mwangu. Asubuhi moja simu ikalia, pesa zimeingia, zote, pamoja na ujumbe: shemeji nisamehe, nilibanwa vibaya, sikuwa na uso wa kukuangalia. Nikalia palepale kitandani. Nikapiga hesabu. Zilitosha kumaliza deni la meza, riba na kila kitu, na zikabaki za nauli ya kwenda kuwaona wajukuu na kurudi.

Nikasema leo leo. Mchana huo nikawa nimeshafungua sehemu ya kulipia, nimebakiza kubonyeza tu. Simu ikaita. Sauti.

"Umeshindaje, mama?"

"Nimeshinda vizuri. Hebu nikuulize. Mtu akimaliza deni lote, mnampigia tena?"

"Hapana, mama. Tunamfuta kwenye orodha. Anapumzika."

"Hata salamu?"

Akacheka kidogo. "Hatuna ruhusa ya salamu. Namba yenyewe inatoka kwenye mashine. Kwa nini, unataka kumaliza?"

Mvuke ulikuwa unapanda kati yangu na ukuta. Redio alikuwa anamsimulia mtu asiyemsikiliza. Ningesema ndiyo, na kesho yake mchana ningeula mkate wangu nikitazama simu isiyoita.

"Nani, mimi?" nikasema. "Nitoe wapi?"

Wasomaji wangu, nitukaneni. Mwenye akili angelipa. Mimi niliziacha zile pesa zikae, nikawa natuma kidogo kila Ijumaa, kiasi cha kufanya Sauti asionekane hafanyi kazi. Na nilichokituma Ijumaa, riba ilikimeza, ikabaki na njaa. Nililiona hilo. Nilijua kila simu ile ina bei yake, nikawa nailipa kama wengine wanavyolipa bia.

Siku moja Sauti hakuuliza kama nimekula.

"Mama, nisikilize. Ukiweza kukopa popote, kopa. Maliza kabla ya mwisho wa mwezi huu."

"Kwani kuna nini?"

"Siruhusiwi kueleza zaidi. Faili lako linahama. Nakuomba kama ningemwomba mama yangu."

"Nitamaliza kesho," nikasema. Na safari hii nilimaanisha.

Kesho yake nikajiambia nimsikie mara moja tu, nimuage vizuri, ndipo nilipe. Nikaweka simu uso juu. Mchana ukapita. Jioni ikapita. Siku ya pili nikapiga mimi ile namba. Akapokea mwanamke anayetafuna kitu.

"Namtafuta kaka anayeshughulikia akaunti yangu."

"Hayupo. Ameondolewa kitengoni."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anapoteza muda kwenye simu za wateja, makusanyo haleti. Wewe unadaiwa? Nipe jina lako."

Nikakata. Nikakaa kwenye kiti changu, meza nzima mbele yangu. Nilitaka kumlilia, nikagundua sijui hata namlilia nani. Yeye alikuwa na mama aliyepiga pasi. Sikuwahi kumuuliza kama mama huyo yupo hai.

Sikulipa siku ile. Sikuweza hata kuigusa simu.

Asubuhi iliyofuata iliita yenyewe. Mwanangu. Yeye asiyepiga ila sikukuu.

"Mama, umeniweka mdhamini?"

"Mdhamini wa nini?"

"Wa meza! Kuna watu wananipigia tangu alfajiri, nina abiria ndani ya gari. Wamempigia na mke wangu. Wanasema wewe hulipi, wanahamia kwangu!"

Ndipo nikakumbuka. Bwana Meno aliniomba namba ya mtu wa karibu. Nikatoa ya mwanangu, nani mwingine ninaye? Kumbe ile sehemu niliyoandika haikuwa ya kuulizia habari zangu nikiugua.

"Mwanangu, sikujua..."

"Usiongee na mtu. Kaa hapohapo. Nakuja."

Nakuja. Neno nililolingoja mpaka nikaacha kulingoja, likanijia kwa hasira, nami nikalipokea hivyohivyo. Nikaomba ruhusa kazini. Nikafagia. Nikafuta meza. Nikavua nailoni viti vyote saba, zikanijaa mikononi zikilia chakacha.

Akaja peke yake. Amekonda. Macho mekundu ya mtu anayeendesha mpaka usiku. Alipoingia, meza ikamzuia mlangoni. Akaitazama kutoka mwisho huu hadi mwisho ule.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii. Karibu kiti."

Hakukaa. Akasimama ameshika mgongo wa kiti, funguo za gari zinaning'inia kidoleni.

"Wamenipa mpaka keshokutwa. Nisipolipa wanapeleka jina langu kila benki, na gari nililipata kwa mkopo wa benki, nimemaliza juzijuzi tu. Nilikuwa naomba mwingine wa ada za watoto." Akapumua. "Sikuja kugomba, mama. Niambie ukweli, tujue pa kuanzia. Una kiasi gani?"

Simu yangu ilikuwa juu ya meza, kati yetu. Pesa za shemeji zilikuwa humo. Kwa deni lilivyokuwa limenona hazikutosha tena kulimaliza lote, lakini kilichopungua hakikuwa cha kutisha. Ningeitaja ile hesabu, tungelipa tumesimama vilevile, yeye angeongezea kidogo, angewasha gari, na kabla ya magharibi angekuwa kwake.

Hata maji alikuwa hajanywa.

"Sina kitu, mwanangu," nikasema. "Kaa kwanza."

Akavuta kiti, akakaa. Uso wake ukalegea. Akaweka mkono wake juu ya wangu, ule wenye makovu ya pasi, akaanza kuyapapasa kwa kidole kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilikuacha humu peke yako. Mtu hanunui meza ya watu wanane bila sababu. Sikuona, mama."

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini kwanza nilitaka mkono ule ukae kidogo tu.

Yeye akatoa simu kwa mkono wa pili.

"Mke wangu, nisikilize. Mpigie yule jamaa aliyekuwa anaitaka teksi. Mwambie nimekubali bei yake... Ndiyo, ileile ya kunyonga. Aje kesho na pesa taslimu."

Upande wa pili nikamsikia mkwe wangu akipiga ukelele.

"Nitafanya kazi gani? Sijui. Tutaona. Huyu ni mama yangu, utanifanya nimwache?"

Mkwe wangu akasema jambo kwa sauti ya chini. Mwanangu akaondoa simu sikioni, akaninyooshea.

"Anataka kuongea na wewe."

Nikaipokea. Ilikuwa na joto la shavu lake.

"Mama," akasema mkwe wangu. "Ile teksi ndiyo inayotulisha, mimi na wajukuu zako. Sitakuuliza mara mbili. Kweli huna kitu?"

Mwanangu alikuwa ananiangalia usoni, mkono wake bado umeshika wangu.